Mwani Usiozaliwa

Assalamu alaykum. Wazee wangu, wanafunzi, na akina mama mliotoka pwani moja kwa moja na mchanga bado miguuni, ahsanteni kwa kuja. Nimetakiwa nizungumzie viumbe wa pwani na visiwani na faida wanazoweza kutupa. Mada hiyo ni bahari nzima. Nikianza na mikoko, niende kwenye makombe, halafu jongoo bahari, hapa tutakesha. Nimechagua mwani peke yake, na hata huo sitoumaliza.

Tazameni vikombe hivi viwili. Nimevitayarisha leo asubuhi jikoni kwangu, si maabara. Nimechemsha mwani, nikachuja kwa kitambaa cha kuchujia tui, kikombe kimoja nikatia chumvi kidogo ya potasiamu, cha pili ya kalsiamu, nikaacha vipoe. Hiki ni kotonii, mojawapo ya aina mbili za mwani tunazolima. Nakipindua kwenye sahani, nabonyeza kwa kidole... mmeona? Kimepasuka kama yai la kuchemsha. Na pembeni yake kuna majimaji, kama kinatoka jasho. Hiki cha pili ni spinosamu, aina ya pili. Nabonyeza, kinabonyea, naachia, kinarudi. Hakitoi jasho. Aliye mbele hapo jaribu mwenyewe, hakiumi.

Vyote viwili ni karaginani, yaani minyororo mirefu ya sukari inayojenga ukuta wa mwani mwekundu. (Ndiyo, hata ule wa kijani mnaoufunga kwenye kamba, kisayansi ni mwekundu. Rangi inadanganya.) Kwenye kotonii, kila jozi ya sukari imebeba salfeti moja, yaani kifungu kidogo cha salfa na oksijeni. Kwenye spinosamu, mbili. Basi. Salfeti hiyo moja ya ziada inazuia minyororo isikumbatiane sana, ndiyo maana utelezi wake unabaki laini. Na hapo ndipo bei inapoachana. Kiwanda kinachotengeneza maziwa ya kakao kinataka ile ya kotonii, kwa sababu chembe kidogo tu hushikana na protini ya maziwa na kuizuia kakao isitue chini ya pakiti. Spinosamu huenda kwenye dawa za meno na vipodozi. Mkulima anaona kotonii na spinosamu. Mnunuzi anaona salfeti.

Sasa, kotonii yenye bei nzuri mbona haiko kwenye mashamba mengi ya Unguja? Kina mama hapa wanacheka kwa sababu wanajua: ilikufa. Tangu miaka ya mwanzo ya 2000 imekuwa ikifa kwenye maji ya kina kifupi, na wengi wamebaki na spinosamu kwa sababu ndiyo inayovumilia. Jibu tunalolitoa sote ni joto la bahari. Ni kweli, ila ni nusu ya jibu. Nusu ya pili iko kwenye mbegu, na hiyo ndiyo iliyonileta mbele yenu.

Kilimo cha biashara kilianza 1989, Paje na Jambiani. Kabla ya hapo mwani ulikuwa ukiokotwa mwambani na kusafirishwa Ulaya ukiwa mkavu, hadi ukaanza kuadimika. Profesa Keto Mshigeni wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alikuwa ameutafiti kwa miaka mingi na kupigia debe kilimo chake. Lakini mbegu iliyofungwa kwenye kamba zile za mwanzo haikuwa ya kwetu. Ilitoka Ufilipino. Na tangu siku hiyo tumekuwa tukifanya jambo moja: tunavuna baada ya wiki sita hivi, tunakata vichipukizi, tunafunga tena kwa taitai, zile kamba nyembamba za plastiki. Kipande cha kipande cha kipande. Ni kama mgomba: hupandi mbegu, unahamisha chipukizi, na mgomba wa mjukuu ni ule ule wa babu. Mwani ulioko shambani kwako leo haukuzaliwa, umekatwa.

Watafiti walipopima vinasaba vya mwani wa mashamba yetu walikuta asili yake ni Asia, na tofauti kati ya shamba na shamba ni ndogo mno. Lakini walikuta pia kitu kingine, na mimi nilipokisoma mara ya kwanza nilisimama kitini. Kwenye miamba ya pwani hii kuna mwani wa jamii ya spinosamu, Eucheuma denticulatum, wenye vinasaba visivyo vya Asia. Ni wetu. Ni ule ule uliookotwa na bibi zetu. Umeishi na maji haya, kupwa na kujaa, jua la saa sita kwenye madimbwi yaliyosahauliwa na bahari, muda mrefu kabla ya yeyote kufikiria kuufunga kamba. Na ule wa mashambani nao umeshachomoka na kujiotea mwambani, kwa hiyo sasa wamechanganyika, na kwa macho huwezi kuwatenganisha kwa uhakika. Unahitaji kukata kijipande na kukipeleka maabara.

Kwa nini basi tusizalishe mbegu mpya kutokana na huo wa asili? Kwa sababu uzazi wa mwani mwekundu ni kisa. Mbegu yake ya kiume haina mkia. Haiogelei. Inaachiwa majini na kusubiri maji yaifikishe kwa jike, kama barua iliyotupwa baharini ndani ya chupa. Ikifika, jike hatoi mmea mara moja. Kuna hatua moja inayomea juu ya mwili wake mwenyewe, hiyo nayo inatoa spora, yaani chembe ndogo za uzazi, spora zinaota mmea mwingine unaotoa spora za aina nyingine, na hizo ndizo zinazoleta tena dume na jike. Vizazi vitatu ndani ya mzunguko mmoja. Mwaka 2022 watafiti wa Roscoff, Ufaransa, walionyesha kwamba kwa jamii nyingine ya mwani mwekundu kuna mdudu mdogo wa baharini anayetembea kwenye matawi na kubeba mbegu za kiume mwilini, mfano wa nyuki kwenye maua. Kama huku kwetu kuna kijidudu cha kazi hiyo, ni swali zuri kwa mwanafunzi anayetafuta mada.

Mimi nimejaribu. Niliokota matawi yenye spora, nikayaweka kwenye beseni lenye vipande vya kigae, spora zikashika. Vidoti vyekundu, kama mtu amechovya kalamu. Nilifurahi nikaenda harusini Pemba siku tatu bila kumwachia mtu maagizo ya kubadilisha maji. Niliporudi maji yalikuwa vuguvugu na vidoti vimekuwa vyeupe. Matawi mama nayo yamepauka katikati, na nilipoyanyanyua yalikatika palepale penye weupe. Akina mama mnaijua hali hiyo vizuri kuliko mimi: unaingia shambani maji yakiwa magotini, unashika mwani, nusu inabaki mkononi na nusu inaelea inakwenda zake. Mwani ukizidiwa na joto, au na maji ya mvua yaliyopunguza chumvi, unadhoofika. Bakteria wanaoishi juu yake siku zote wanapata nafasi, wanakula ukuta wake. Shamba la kipande cha kipande likidhoofika, linadhoofika lote kwa pamoja, maana ni mmea mmoja.

Naombeni dakika mbili niseme la dawa, kwa sababu najua swali hilo linakuja. Mitandaoni mwani umeshakuwa tiba ya kila kitu, kuanzia kisukari hadi nguvu za kiume. Jamani. Karaginani ilijaribiwa kwa dhati kama jeli ya kuwakinga wanawake na Virusi vya Ukimwi, huko Afrika Kusini, kwa wanawake zaidi ya 6,000. Matokeo yalitangazwa 2008: ni salama, lakini haikingi. Hivyo ndivyo utafiti wa kweli unavyokwenda, na sioni aibu ndani yake. Kuna dawa za kupuliza puani zenye karaginani ya aina ya spinosamu, kwa ajili ya mafua, na hizo zina ushahidi kiasi. Halafu kuna hili la kuchekesha: kwa miongo kadhaa maabara duniani zimekuwa zikidunga karaginani kwenye unyayo wa panya ili uvimbe, wapate kupima dawa za kutuliza uvimbe. Utelezi huu huu. Kula ni jambo moja, kudungwa ni jingine, lakini anayekuuzia chupa kwa kusema mwani unaondoa uvimbe wote muulize kuhusu yule panya. Sabuni ya mwani nunueni, nami naitumia.

Mzee ameuliza hapa kuhusu haki. Tukipata kwenye mwamba wetu mwani unaovumilia joto, nani mwenyewe? Wakati tunaleta mbegu ya Ufilipino, Itifaki ya Nagoya, mkataba wa kimataifa wa kugawana faida zinazotokana na vinasaba vya viumbe, haikuwapo. Ilipitishwa 2010, ikaanza kutumika 2014. Leo kijipande kikitoka nje kwa utafiti lazima pawe na makubaliano ya maandishi yanayosema faida itagawanywaje. Mimi naongeza sharti langu: yaandikwe kwa lugha ambayo aliyeuonyesha mwamba huo anaweza kuisoma.

Bamvua la mwezi huu tunakwenda mwambani kuokota vijipande vya kupima. Maji yanakauka kabisa karibu na saa nne asubuhi, kwa hiyo saa mbili na nusu tuwe tumeshafika ufukweni. Vaeni viatu vigumu, kuna miba ya urchini kila mahali, na kila mtu aje na vifuko kumi vya plastiki na penseli. Wino unafutika majini.