Dramu Meja: Kazi Yake na Namna ya Kumfunza
Mhadhara kwa walimu na viongozi wa bendi za shule

Ndugu walimu, wazee wetu mliowahi kuvaa sare za bendi za majeshi, na vijana mliokuja na vijiti vyenu mikononi, nawasalimu nyote.

Nimeombwa nizungumze juu ya dramu meja, yaani yule kiongozi anayetangulia bendi ya gwaride akiwa na fimbo, nami nitaanza na jambo ambalo watazamaji huliona kila siku ya gwaride bila kulitafakari: dramu meja huwapa mgongo watu anaowaongoza. Mwalimu wa kwaya huwatazama waimbaji wake usoni, na akiona sauti ya pili inachelewa, humkata mtu jicho na mambo yakanyooka. Dramu meja hana nafasi hiyo. Yeye hutangulia, na bendi nzima, kuanzia safu ya tromboni ambazo katika bendi nyingi huwekwa mbele ili mirija yake isimchome mtu mgongoni, humsoma kwa nyuma, kwa mkono wake, fimbo yake na mabega yake. Kila atakachotaka kusema lazima kiwe kikubwa, kiwe juu ya kichwa, na kitangulie wakati wake.

Wapo wanaouliza kwa nini tusisikilize ngoma kubwa tu, tukaachana na mtu wa mbele. Swali hili ni la haki, na jibu lake limo katika mwendo wa sauti. Sauti husafiri takriban mita 340 kwa sekunde. Katika mwendo wa haraka wa hatua 120 kwa dakika, kila hatua huchukua nusu sekunde. Mtu aliye umbali wa mita 85 kutoka kwenye ngoma huisikia baada ya robo sekunde, yaani wakati wenzake wa mbele wamekwisha kumaliza nusu ya hatua inayofuata. Ndani ya bendi yenye urefu wa mita 20 ucheleweshaji huo ni mdogo, lakini mpiga klarineti mwenye sikio zuri huutambua, na safu mbili zikianza kila moja kufuata masikio yake, wimbo huchanika taratibu bila mtu kujua ulichanikia wapi. Nuru haina tatizo hilo. Ndiyo maana katika bendi za vyuo vikuu vya Marekani, ambazo hutandazwa katika uwanja wa mpira wao wenye urefu wa mita 91 kati ya mistari ya magoli, dramu meja hupanda jukwaani akaigeukia bendi, na wanafunzi hufundishwa kuyaamini macho yao kuliko masikio. Huko kazi hii imepewa uzito wa masomo kamili: George N. Parks, aliyeongoza bendi ya Chuo Kikuu cha Massachusetts, alianzisha mwaka 1978 chuo cha kuwafunza madramu meja peke yao.

Sisi tumerithi desturi ya Uingereza. Katika jeshi lile dramu meja alikuwa mkubwa wa wapiga ngoma tangu karne ya 17, wakati amri za vitani zilipitishwa kwa ngoma, na kwa hiyo mtu huyu aliwajibika kwa mafunzo yao, nidhamu yao na mwenendo wao. Ukimtazama dramu meja kwa karibu siku ya sherehe, utaona kwenye ule mkanda mpana unaokatiza kifuani vijiti viwili vidogo vya ngoma vimebandikwa. Ni ushahidi kwamba aliyeshika fimbo alitoka miongoni mwa wapigaji, na naomba mvikumbuke vijiti hivyo, kwa maana nitavirudia.

Pwani yetu iliupokea mwendo huu mapema, ikaufanya wake. Katika miaka ya 1890, Lamu na Mombasa zilikwisha kuwa na ngoma ya beni, yenye sare, vyeo na hatua za gwaride, na mashindano ya Marini na Arinoti, vikundi viwili hasimu vya beni, yakaenea hadi bara pamoja na askari wa vita vya 1914 hadi 1918. Wazee wale hawakuwa wanaigiza tu. Walielewa kwamba kundi linalotembea kwa mguu mmoja lina heshima ambayo mtu mmoja mmoja hana.

Sasa nije kwenye linaloniuma. Katika shule zetu nyingi tunamchagua dramu meja kwa urefu na kwa uhodari wa kurusha fimbo. Nami nilichaguliwa hivyo. Katika sherehe moja ya shule niliyosoma, nilisubiri mpaka nikafika mbele ya jukwaa la wageni ndipo nikainua fimbo kutoa ishara ya kukoma. Safu za mbele zikaiona, zikakoma. Za nyuma zikaendelea hatua nne, na binti aliyekuwa akipiga matoazi akajikuta anayagonga peke yake katika ukimya wa uwanja mzima. Alilia. Kosa lilikuwa langu, aliyelipa ni yeye. Tangu siku hiyo naamini kwamba dramu meja hupimwa kwa utulivu wa mtu wa safu ya mwisho.

Mwanafunzi wangu, basi, hapewi fimbo mwanzoni. Huanza na miguu. Hatua ya kawaida ya gwaride la watu wazima ni sentimita 76, kwa hiyo hatua 120 humpeleka mtu mita 91 na kidogo. Tunapima umbali huo kiwanjani, tunaweka jiwe, kisha anatembea dakika moja bila muziki wala kipima mapigo, mimi nikiwa na saa. Akilifikia jiwe mapema, ana haraka. Akiachwa nyuma yake, anazubaa, na mara nyingi kosa huwa katika urefu wa hatua wala si katika kasi yake. Kwa watoto tunafupisha hatua na kulisogeza jiwe, lakini zoezi ni lile lile, nalo hurudiwa kwa wiki kadhaa mpaka mwili wenyewe ujue. Halafu tunafanya mwendo wa pole, ambao ni mgumu zaidi, kwa kuwa mtu aliyesimama juu ya mguu mmoja hana pa kuficha mtetemeko.

Hatua ya pili ni ngoma. Hapa vile vijiti viwili vina kazi: asiyeweza kupiga mlio wa utangulizi wa ngoma ndogo, ule unaoita bendi ianze, hawezi kujua wapigaji wake wanahitaji muda gani wa kujiandaa. Vilevile lazima aujue muziki wote kwa moyo. Nyimbo nyingi za gwaride zimegawanyika katika vipande vya hatua kumi na sita, na ishara ya kukoma inapaswa kuinuliwa wakati kipande cha mwisho bado kinaendelea, fimbo ikae juu, ngoma kubwa ijibu kwa mapigo yake mawili ya tahadhari, ndipo fimbo ishuke. Fimbo ya mazoezi ni mpini wa ufagio uliofungwa kitambaa kizito upande mmoja. Kurusha tunakuacha mwisho kabisa.

Zoezi ninalolipenda kuliko yote ni la kugeuka na kurudi katikati ya bendi. Dramu meja anafika mwisho wa uwanja, anageuka nyuma, anapita baina ya mistari ya wapigaji, nao wanageuka mmoja baada ya mwingine na kumfuata, huku walio nyuma wakiendelea kuja mbele. Kwa hatua chache hizo, anaziona nyuso zao, mara ya pekee katika matembezi yote. Wengi hupita wakitazama mbali kama wanaoogopa kukosea. Mimi humtaka mwanafunzi, akimaliza, aniambie alichokiona: nani amechoka midomo, nani ameinamisha tarumbeta, nani anahesabu kwa kutikisa kichwa. Mwaka uliopita binti mmoja alitoka katikati ya bendi akaniambia kwamba mkanda wa ngoma kubwa umelegea, na mpigaji anainyanyua ngoma kwa goti kila baada ya hatua nne, ndiyo maana pigo la nne lilikuwa likichelewa. Nilikuwa nimesimama pembeni saa nzima nikilisikia pigo hilo bila kujua sababu. Tuliukaza mkanda, akairudisha bendi kwenye mstari, akainua mpini wake wa ufagio, wakaanza upya.