Wale Kumi na Mmoja: Nani Huachwa Nyuma Kampuni Inapojiandaa kwa Kazi za Kesho

Mabibi na mabwana, nawashukuru kwa kunialika, na nawashukuru zaidi kwa kuwaleta wakuu wa fedha na uzalishaji wakae safu moja na wenzetu wa rasilimali watu. Mada hii ikiachiwa rasilimali watu peke yao, mara nyingi huishia kwenye orodha ya kozi.

Nianze na hesabu. Januari 2025 Jukwaa la Uchumi Duniani lilitoa ripoti kuhusu mustakabali wa ajira, kutokana na majibu ya waajiri zaidi ya 1,000. Humo wafanyakazi wa dunia nzima wamechukuliwa kana kwamba ni watu 100. Kati yao, 59 watahitaji mafunzo ifikapo mwaka 2030. Waajiri wanaona kwamba 29 wataongezewa ujuzi palepale walipo, na 19 watafundishwa kisha wahamishiwe kazi nyingine ndani ya kampuni. Jumlisha, unapata 48. Wamebaki 11. Hao, kwa makadirio hayohayo, huenda mafunzo wanayoyahitaji yasiwafikie.

Leo nitawazungumzia hao 11. Nimefanya kazi ya mafunzo kazini kwa miaka mingi, na kila kampuni niliyoingia nimewakuta.

Mmoja wao alikuwa mama mmoja, karani wa ankara. Ankara ikiletwa na msambazaji, aliilinganisha na oda iliyotolewa na hati ya kupokelea mzigo. Vyote vitatu vikikubaliana, malipo yanapita. Kampuni ikanunua programu inayosoma ankara na kuzilinganisha yenyewe. Mama huyu hakuwekwa kwenye mafunzo ya programu hiyo, kwa maelezo kwamba kazi yake inaisha, sasa kuna haja gani ya kumfundisha?

Nilikaa kando ya meza yake asubuhi moja. Kwenye droo alikuwa na daftari la jalada gumu, kona zimeshalegea. Ndani ameandika kwa penseli: huyu hutuma ankara ileile mara mbili, ya pili akiiongezea herufi moja kwenye namba, huyu anahesabu katoni wakati sisi tunahesabu vipande, yule mpigie kabla ya tarehe 25, ukichelewa utasubiri mwezi mzima. Kurasa nyingi za namna hiyo. Ile programu haikuwa na hata mstari mmoja wa hayo. Wiki chache baada ya kuwashwa, ankara zilizokataliwa na mfumo zilikuwa zimerundikana, na vijana waliousimika mfumo hawakujua zimekataliwa kwa nini. Aliyejua alikuwa ameketi mita tatu kutoka kwao, na hakuna aliyemuuliza.

Kampuni ile ilitazama jina la kazi, kazi yenyewe haikuitazama. Ukisema "karani wa ankara" umetaja fungu la shughuli kumi, pengine kumi na tano, na mashine haichukui fungu zima kwa mkupuo. Inachukua hii, inaiacha ile, na nyingine inaizidisha.

Angalieni benki. Mashine ya Barclays ya kutolea fedha taslimu ilizinduliwa Enfield, London, mwaka 1967. Wengi walitarajia karani wa dirishani atatoweka. Kufikia 2010 Marekani ilikuwa na mashine hizo takriban 400,000, lakini makarani, waliokuwa takriban 500,000 mwaka 1980, walikuwa wamefika kama 550,000. Tawi moja lilihitaji watu wachache kuliko zamani, hivyo kufungua tawi jipya kukawa nafuu, benki zikafungua mengi. Karani naye akaacha kushinda anahesabu noti, akaanza kuzungumza na wateja kuhusu mikopo na akaunti. Wahadhiri wengi hupenda kuishia hapo, wasikilizaji warudi nyumbani wamefarijika. Mimi siwezi. Baada ya hapo benki ikahamia kwenye simu ya mkononi, na idadi ya makarani ikaanza kushuka. Ile miaka 30 ya katikati ndiyo iliyokuwa nafasi ya kuwafundisha watu. Nawaomba mjiulize kampuni zenu zinaitumiaje miaka ya namna hiyo, maana safari hii huenda isifike 30.

Sasa, mtu afanye nini? Kabla ya kununua kozi yoyote, kaa na mfanyakazi. Usimtumie dodoso, kaa naye. Andika kila anachofanya tangu anapowasha kompyuta hadi anapofunga, kisha muulize swali moja: ni wapi huwa unasimama ukafikiri? Pale mkono unapokwenda wenyewe, mashine itaingia, na ni haki iingie. Sioni fahari ya mtu kunakili namba kutwa. Pale anaposimama akafikiri ndipo pa kuweka fedha za mafunzo. Yule mama alisimama mara nyingi asubuhi ile, na kila aliposimama alifungua droo.

Kuna utafiti mmoja ninaoupenda kwa sababu ulifanywa kazini kwenyewe. Wahudumu wa wateja zaidi ya 5,000 wa kampuni moja ya programu za kompyuta walipewa akili mnemba iliyowapendekezea majibu wakati wa mazungumzo. Matokeo ya awali yalitoka 2023: kwa wastani walitatua matatizo kama asilimia 14 zaidi kwa saa, na kwa wageni wa kazi na wenye ujuzi mdogo ongezeko lilifika asilimia 34. Wazoefu hawakupata cha maana. Kwa nini? Kwa sababu mashine ilifundishwa kwa mazungumzo yaliyopita, na ilichota mbinu za wahudumu bora kabisa. Ujuzi wao ulichukuliwa ukagawiwa wengine. Nikisoma hapo huwa najiuliza, wenye ujuzi walilipwa nini? Kampuni itakayotaka wazoefu wake wafungue droo na kutoa daftari lazima iwape sababu ya kufanya hivyo. Wakishuku kwamba wanaichimbia mashine msingi ili wao waondolewe, daftari halitatoka, na sitawalaumu.

Upande wa pili wa jambo hilo unanitia wasiwasi zaidi. Kazi ndogondogo za mwanzo, kuandaa rasimu, kukagua jedwali, kujibu malalamiko mepesi, ndizo tunazozikabidhi mashine kwanza. Lakini ndizo zilizotukomaza sisi sote tuliomo humu. Mwanagenzi asiyepata kazi nyepesi ya kukosea atapata wapi jicho la kuona kosa kwenye kazi nzito? Ushauri wangu, hata kama kwa muda utapunguza kasi: mpe kijana afanye kwanza kwa mkono wake, kisha alinganishe na alichotoa mashine, na aeleze mbele ya mzoefu tofauti imetoka wapi.

Kuhusu muda nitasema kwa kifupi. Mafunzo yawe ndani ya saa za kazi. Ukimwambia mtu ajifunze usiku, umemchagua asiye na mtoto mchanga wala mgonjwa nyumbani, ukawaacha wengine.

Na ile methali ya samaki mkunje angali mbichi, naomba tuiache kwenye malezi. Nimeisikia mara nyingi mno ikitumika kumwondoa mtu wa miaka hamsini kwenye orodha ya mafunzo. Huyo ndiye anayejua kwa nini ankara zinakataliwa.

Yule mama hatimaye aliitwa. Alikaa na wale vijana wiki sita, sehemu kubwa ya daftari ikageuzwa kanuni ndani ya mfumo, na sasa ndiye anayesimamia ankara zote zinazokataliwa. Cheo kimebadilika, mshahara haukubadilika. Nilipouliza sababu, niliambiwa bajeti ya mwaka ilikwisha kwenye leseni za kozi za mtandaoni. Nikaomba orodha ya waliopewa leseni hizo. Jina lake halikuwemo.

Kila kampuni iliyowakilishwa hapa inayo orodha kama hiyo. Naomba mkirudi ofisini muifungue, muiweke kando ya orodha ya wafanyakazi wote, na mtie alama kwenye kila jina linalokosekana. Kisha nendeni mkakae na wenye majina hayo, mmoja mmoja, kabla bajeti ya mwaka ujao haijapitishwa.