Yangu Iko Wapi Humo? Mhadhara wa Arusha Kuhusu DNA Ndani ya Matone

Asanteni. Mama mshereheshaji kanipa dakika ishirini na kaniomba nisirudie habari ya kahawa. Nitairudia. Walioisikia mara nne wanivumilie, maana hadi leo naletewa andiko la utafiti linalosema "tutazalisha DNA nyingi", kana kwamba tulikuwa na njaa ya wingi. Tangu Kary Mullis abuni PCR mwaka 1983, njia ya kunakili DNA tyubuni kwa kuipasha moto na kuipoza mzunguko baada ya mzunguko, kuzidisha DNA ni kazi ya mchana mmoja.

Kahawa, basi. Shangazi yangu alikuwa na kihamba Machame. Alichuma nyekundu tupu, moja moja, na zikishakauka alikaa chini na ungo kutoa zilizopasuka. Siku ya kupeleka chamani, karani alipima, akaandika kilo, kisha akamimina guniani juu ya kahawa ya jirani aliyekwangua tawi zima, mbichi na mbivu. Shangazi akamuuliza, "Baba, sasa yangu iko wapi humo?" Karani akajibu, "Mama, kilo zako nimeandika." Mnaona? Kilo anazo, kazi yake imepotea. Mwonjaji wa Moshi akifyonza kijiko na kusema hii nzuri, anasifu gunia.

Tyubu ya PCR ndiyo lile gunia. Una vinasaba 10,000, yaani vipande vya DNA vyenye maelekezo ya protini, vinavyotofautiana kidogo; unatafuta kimoja tu kinachotoa kimeng'enya bora, ile protini inayoharakisha kazi ya kemikali. Ukivizidisha pamoja, vifupi hunakiliwa upesi na kuvifunika virefu. Ukitengeneza protini humo humo, zote zinaelea supu moja, hujui ipi ni ya nani. Halafu mtu ananiambia ana DNA nyingi! Kilo zako nimeandika, mama.

Dawa yake ni matone. Ndani ya kipande cha mpira wa silikoni kuna mfereji mwembamba kama unywele; mafuta huingia kutoka pande mbili, yanayabana maji shingoni, nayo yanakatika tone, tone, tone. Sabuni maalumu huyazuia yasiungane. Tone lenye upana wa mikromita 50, yaani sehemu 50 za elfu ya milimita, lina pikolita 65; pikolita ni sehemu ya milioni ya mikrolita. Mikrolita 100, yaani matone mawili ya dripu ya hospitali, hutoa matone milioni 1.5, kwa kasi ya 1,000 kwa sekunde, dakika 25 umemaliza. Na makusudi unaweka DNA kidogo, molekuli 1 kwa kila matone 10, hivi kwamba tisa katika kumi yanatoka matupu.

Namwona mzee pale nyuma anatikisa kichwa: ubadhirifu. Haya, mzee wangu, jaza yote. Mengi yatapata molekuli mbili, tatu, nawe umerudi kwa karani.

Mwingine atasema: kama tone limepata kinasaba chake, tia mchanganyiko wa kutengeneza protini, yaishe. Hayaishi. Bakteria wa E. coli, ambaye kinasaba kimoja kinamtosha, ana ujazo wa karibu femtolita 1, yaani sehemu ya elfu ya pikolita. Tone letu ni kubwa kumzidi mara 65,000. Kinasaba kimoja humo ni mtu mmoja anayeita katikati ya uwanja wa Sheikh Amri Abeid. Ndiyo maana tunakizidisha humo humo ndani ya tone, kikiwa bado peke yake.

Hapo simtumii Mullis na PCR yake, inayodai umeme wa kupasha na kupoza. Maabara moja niliyofanya kazi, umeme ulikatika mzunguko wa 22 kati ya 30, na jenereta haikuwa na mafuta. Siku hiyo nilihamia kwa Margarita Salas wa Uhispania na polimerasi yake ya phi29, kimeng'enya cha kunakili DNA, inayofanya kazi kwenye nyuzi 30 tu, joto la Moshi saa nane mchana. Kinasaba kikiwa kimefungwa duara, inakizunguka ikikinakili bila kuachia.

Na hapa pana utamu. Kila herufi inayoongezwa kwenye uzi hutupa kipande cha pairofosfeti. Kinakutana na madini ya magnesi yaliyomo tayari, vinaganda kuwa fuwele, na ule uzi mrefu unajisokota humo. DNA iliyosambaa tone zima inakuwa punje, ndani yake nakala nyingi za kinasaba kilekile. Unavunja matone, unaosha punje, unaziingiza kwenye matone mapya yenye mchanganyiko wa protini. Kundi la mtafiti Linas Mazutis, huko Vilnius, Lithuania, lilionyesha hili mwaka 2016, na protini iliongezeka. Shangazi kapata gunia lake mwenyewe.

Kuchagua matone kwa mwanga, harakaharaka: tone lenye kimeng'enya kizuri linang'aa, umeme unalivuta upande wake, na... naam, nimeiona kadi ya muda, mama mshereheshaji. Gharama za mafuta na ile sabuni naziruka, ingawa ndizo zinazotuumiza.

Wewe kijana umenyoosha mkono tangu kule Machame. Uliza. Kama ni la kahawa, tutaongea nje.