Pangaboi, Kiputo na Punje: Nguvu za Mtiririko Zinavyozigusa Seli za Binadamu Ndani ya Bioriakta

Mabibi na mabwana, asanteni kwa kufika.

Anayeanza kukuza seli za binadamu kwenye bioriakta, yaani tangi la kukuzia seli, huuliza mapema: pangaboi linalokoroga lizunguke kwa kasi gani lisije likaziua? Seli hizi hazina ukuta mgumu kama wa bakteria au wa mmea, zina utando laini tu, ndiyo maana wengi hudhani ukikoroga kidogo zinapasuka. Matokeo yake wanakoroga polepole mno, seli zinatuama chini, oksijeni haifiki, zinakufa kwa kukosa hewa, na lawama linabebeshwa pangaboi. Kabla ya kutaja kasi yoyote, ulizeni mambo mawili: seli inaelea peke yake au imeshikamana na kitu? Na hewa inaingiaje?

Tufanye hesabu. Midia, yaani maji yenye virutubisho vya seli, ikikorogwa kwa msukosuko, nishati hushuka kutoka kwenye vizunguko vikubwa vya maji kwenda vidogo, na vidogo zaidi, hadi mnato unapovimaliza na nishati ikageuka joto. Ukubwa wa vile vya mwisho alitupa mwanahisabati Mrusi Andrey Kolmogorov mwaka 1941. Chukua mnato wa midia uliogawanywa kwa densiti yake, upandishe kwa kipeo cha tatu, gawanya kwa wati zinazotumika kwa kila kilo ya midia, kisha tafuta kipeuo cha pili mara mbili.

Tuchukue tangi lenye lita 2 za midia kwa nyuzi 37, pangaboi lenye kipenyo cha sm 6, mapanga yaliyoinama, namba ya nguvu (kipimo cha nguvu ambayo umbo la pangaboi huitumia kukoroga) 1.5. Kwa mizunguko 100 kwa dakika linatumia takriban wati 0.0054, yaani 0.0027 kwa kilo. Kizunguko kidogo kabisa kinatoka na mikromita 106 hivi. Seli ya HEK293, aina ya seli za figo za binadamu zinazokuzwa maabara, ikiwa inaelea ina kipenyo cha mikromita kumi na kitu. Kizunguko kinaibeba nzima-nzima na kwenda nayo, hakina pa kuishikia kikairarua. Ongeza kasi iwe 200: nguvu inapanda mara 8, lakini kizunguko kinapungua hadi mikromita 63 tu. Hata karibu na mapanga, ambako nishati huweza kuwa mara 30 ya wastani, bado tunabaki na mikromita 27. Seli inayoelea peke yake haina sababu ya kuliogopa pangaboi hili.

Inachoogopa ni kiputo. Seli hunata kwenye kiputo kinapopanda. Kikifika juu, utando mwembamba wa midia unaokifunika hupasuka na kurudi nyuma kwa kasi, na mchirizi wa maji unafyatuka kutoka shimo linalobaki. Katika sehemu hiyo finyu, kwa muda mfupi mno, nishati inayomwagika ni kubwa kupita chochote pangaboi linachoweza kutoa. Viputo vilivyo chini ya mm 2 ndivyo vikali zaidi.

Kinga yake inajulikana: dawa ya poloksama 188, ambayo wengi mnaijua kwa jina la Pluronic F-68, gramu 1 kwa lita. Inazuia seli kunata kwenye kiputo, hivyo kikipasuka kinapasuka peke yake. Ila shehena za dawa hii hazilingani ubora, na mbaya haionekani kwa macho. Shehena mpya ijaribiwe kwenye chupa ndogo inayotikiswa kabla haijaingia kwenye tangi.

Angalieni pia mtego wa povu. Povu likipanda, fundi anaongeza dawa ya silikoni ya kuliua. Dawa hiyo inaunganisha viputo vidogo kuwa vikubwa, oksijeni inayoyeyuka inapungua, kidhibiti kinafungua gesi zaidi, povu linarudi. Wekeni dawa hiyo kwa matone, na mfuatilie mtiririko wa gesi dakika chache baadaye. Wala msikimbilie viputo vidogo peke yake kwa sababu vinatoa oksijeni haraka: vinajaa kaboni dioksaidi mapema na kuiacha nyingine ndani ya midia. Viputo vikubwa ndivyo vinavyoisomba. Kwenye matundu ya bomba la gesi, kasi isifike mita 30 kwa sekunde. Tundu moja la mm 0.5 likipitisha lita 0.1 kwa dakika, gesi hutoka kwa mita 8.5 hivi kwa sekunde, na hiyo ni salama. Matundu mengine yakiziba, yaliyobaki yanabeba mzigo wote, kwa hiyo kagueni bomba kila baada ya kuosha.

Sasa tuje kwenye seli zinazohitaji kushika mahali ili ziishi, kama seli shina za mesenkaima, zinazoweza kugeuka mfupa, gegedu au mafuta. Hizi hukuzwa juu ya punje ndogo zinazoelea, njia aliyoianzisha Adriaan van Wezel wa Uholanzi mwaka 1967. Hapa hesabu inageuka. Punje ina kipenyo cha mikromita 190, kizunguko ni 106 au 63. Kizunguko hakiwezi tena kuibeba punje. Kinaikwangua juu ya uso wake, palepale seli zilipo. Punje zinagongana zenyewe kwa zenyewe na kugonga pangaboi. Kanuni ya kazi ni kwamba madhara huanza kizunguko kinaposhuka chini ya nusu hadi theluthi mbili ya kipenyo cha punje. Kwa punje zetu mpaka huo ni kati ya mikromita 95 na 127: 106 iko tayari mpakani, na 63 imeshauvuka.

Kwa hiyo tafuteni kasi ya chini kabisa inayoziweka punje zote juu. Washeni taa, tazameni sakafu ya tangi la kioo kutokea chini, pandisheni kasi mizunguko 5 kwa 5, na msimame pale ambapo hakuna punje inayokaa sakafuni zaidi ya sekunde 1 au 2. Fanyeni kazi hapo au juu yake kidogo. Zikianza kushikana mafungu siku za baadaye, fungu ni kitu kikubwa kuliko punje, na mpaka unasogea tena.

Siku ya kuvuna, hesabu ileile inatupa ruhusa ambayo wengi hawathubutu kuitumia. Acheni punje zituame, ondoeni midia, osheni mara mbili kwa bafa ya fosfeti isiyo na kalsiamu wala magnesiamu, wekeni tripsini, kimeng'enya kinachokata protini zinazozishikisha seli, yenye EDTA inayonasa kalsiamu, kisha korogeni kwa nguvu kwa dakika chache. Mkwaruzo uleule uliokuwa adui sasa unazing'oa seli, na kila seli ikishang'oka inakuwa kitu cha mikromita 15 kinachobebwa na kizunguko. Imetoka kwenye hatari kwa kuachia punje. Pitisheni kwenye chujio la mikromita 60 hadi 100, punje zinabaki, seli zinapita. Wanaokoroga taratibu hapa huiacha tripsini ikae muda mrefu, na tripsini ndiyo inayoziumiza.

Kufa si madhara pekee. Seli inausikia mtiririko. Mlango wa Piezo1, protini iliyoko kwenye utando wake, uliotambuliwa mwaka 2010 na kikundi cha Ardem Patapoutian, mshindi wa Nobeli ya 2021, hufunguka utando ukivutwa na kuingiza kalsiamu. Seli za ndani ya mishipa ya damu, zikipitishiwa mtiririko wenye mkwaruzo wa paskali 1 hadi 2, hujipanga kufuata mkondo. Seli shina za mesenkaima zinaweza kusukumwa kuelekea kuwa mfupa. Kwa anayetengeneza tiba hili linanitia wasiwasi kuliko vifo, kwa sababu seli zinahesabika kuwa hai huku si zile alizokusudia. Vipimo vya utambulisho wa seli vifanyike baada ya kuvuna kwenye tangi, si kwenye chupa bapa za maabara pekee.

Na vifo vyenyewe vipimwe vizuri. Rangi ya trypan blue huzipaka seli zilizokufa ambazo bado zina umbo. Zilizopasuliwa na kiputo zimetoweka, hazionekani kwenye darubini, na asilimia ya uhai inabaki nzuri huku idadi haipandi. Pimeni kimeng'enya cha LDH, kinachovuja seli inapopasuka, kwenye midia kila siku. LDH ikipanda wakati trypan blue inasema mambo ni shwari, punguzeni gesi kwa muda wa nusu siku huku mkiangalia oksijeni isishuke. LDH ikitulia, tatizo lilikuwa kiputo. Isipotulia na mnatumia punje, chukueni sampuli mtazame: punje zenye upara upande mmoja zinaonyesha kukwanguliwa, na hapo ndipo pangaboi lipunguzwe.