Mkono Unasingiziwa

Ndugu zangu, kabla sijaanza, naomba kijana yule wa mstari wa mbele anisaidie. Simama wima, usikunje magoti, urushie kikapu mpira huu kwa nguvu ya mkono peke yake. Mmeona? Umechokea njiani. Sasa kunja magoti kidogo, urudie. Haya, umefika hadi ubaoni, na mkono ni uleule.

Mpira usipofika kikapuni, wengi wetu humfokea mchezaji: kaza mkono! Mimi naona tunauonea. Nguvu ya mtupo hutoka sakafuni. Nyonga, magoti na vifundo vya miguu hunyooka, msukumo ukapanda kiwiliwili mpaka begani, ukapita kwenye kiwiko, ukamalizikia kiganjani na vidoleni. Miguu ikizembea, mkono ndio unaolipa deni, na mkono unaotumia nguvu nyingi haulengi vizuri. Ndiyo maana mwishoni mwa mchezo mipira mingi hugonga ukingo wa mbele wa pete ya kikapu. Miguu imechoka.

Kuachia mpira je? Wengi huachia karibu na kilele cha kuruka. Stephen Curry, mchezaji wa kikapu wa Marekani, huachia mapema, angali anapanda, kwa hiyo msukumo wa miguu bado anao. Anayesubiri kilele anapata kimo cha kumpita mlinzi, ila mkono wake utafanya kazi zaidi. Anayengoja mpaka anashuka, huyo sina la kumtetea.

Sasa itazameni pete hii. Kipenyo chake ni sentimita 45. Mpira una kama 24. Nikiiinamisha hivi, machoni penu inageuka yai. Ndivyo mpira unavyoiona. Ukishuka kwa nyuzi 45, upana unaobaki ni kama sentimita 32. Ukija bapa, kwa nyuzi 30, zinabaki 22.5 tu: hauwezi kupita bila kugusa chuma! Basi uinue mpira, lakini usiupeleke darini, maana mtupo wa juu mno unadai kasi kubwa zaidi. Kwenye mtupo huru, ule wa adhabu usiozuiwa na mlinzi, kuachia kwa nyuzi 50 na kidogo kunatosha.

Vidole vya mwisho kuugusa, cha shahada na cha kati, huuzungusha kinyumenyume. Ukigonga pete, mzunguko huo hupunguza mwendo, mpira ukatua kwa upole. Mkono wa pili kazi yake ni kushikilia tu, ila kidole gumba chake kina tabia ya kusukuma kwa siri, na mpira unakwenda upande.

Kijana, rusha tena. Safari hii natazama gumba la kushoto tu.