Baba Mdogo Hayumo Kwenye Fomu

Mhadhara uliotolewa Arua, Uganda, mbele ya wanafunzi waliomaliza S.6 (kidato cha sita) na wazazi wao

Asalaam aleikum, na Bwana asifiwe. Mwenyekiti wa LC, baraza letu la kijiji, wazee wangu, kina mama, na nyinyi vijana mliojibanza mlangoni kama mnaosubiri nigeuke mkimbie: shikamooni wakubwa, habari zenu wadogo. Nimeombwa niseme Kiswahili kwa sababu humu kuna Walugbara, Wakakwa, Wanubi, na ndugu zetu wa Kongo na Sudan Kusini. Lugha tunayopatania bei kule Ariwara, sokoni upande wa Kongo, inatutosha sote.

Nitazungumzia pesa, ile ambayo ubalozi unataka kuiona kabla ya kukupa viza ya masomo. Kukubaliwa na chuo ni jambo moja, na wengi wenu mnaliweza. Mtu huangukia kwenye karatasi ya benki.

Mimi niliangukia hapo. Nilikuwa keshia, nakaa dirishani, nahesabu pesa za watu kutwa nzima. Nikapata nafasi ya shahada ya pili ng'ambo. Nikakusanya kiasi kilichotakiwa, nikaongeza elfu tano juu ili nisikose. Masharti yalisema pesa ikae siku 28 bila kushuka. Siku ya kumi na tisa benki ikakata makato ya mwezi, shilingi 12,500. Salio likashuka chini ya kiwango kwa shilingi 7,500. Kesho yake nikaweka elfu hamsini, nikajiona mjanja. Barua ya kunyimwa ilikuwa ukurasa mmoja na nusu, na hiyo 7,500 ilitajwa kwa tarehe yake. Rolex tatu, zile chapati za mayai, na chai, wazee wangu. Na makato yenyewe ni yaleyale niliyokuwa nikiwaeleza wateja kila mwisho wa mwezi: "Ni kawaida, mama, usijali."

(Kicheko.)

Chekeni, lakini shikeni hilo la siku 28, kwa sababu ni sheria ya Uingereza mpaka leo, na wengi wenu ndiko mnakoomba. Hesabu yao inakwenda hivi. Kwanza ada ya mwaka wa kwanza, ukitoa ile uliyokwisha kulipa. Pili pesa ya kuishi: tangu Novemba 2025 ni pauni 1,529 kwa mwezi ukisoma London, na pauni 1,171 ukisoma nje ya London, na hawahesabu zaidi ya miezi tisa. Chukueni chuo cha nje ya London: 1,171 mara tisa ni pauni 10,539. Tuseme ada ni 15,000 na umetanguliza 5,000. Imebaki 10,000. Jumla pauni 20,539. Nikiipiga kwa shilingi 4,700 kwa pauni, kwa mfano tu, inapita milioni 96 na nusu.

Naona mzee mmoja pale amevua kofia.

Hiyo milioni 96 na nusu lazima ilale kwenye akaunti siku 28 mfululizo. Isishuke hata usiku mmoja, hata kama asubuhi imerudi. Siku zinahesabiwa kwa kurudi nyuma kutoka tarehe ya mwisho iliyo kwenye stetimenti, na ombi lenyewe lipelekwe ndani ya siku 31 baada ya tarehe hiyo. Tena pesa yako ni shilingi na wao wanahesabu pauni, kwa bei ya siku ile unayoomba. Shilingi ikiteleza kidogo wiki hiyo, umepungukiwa ukiwa umelala. Kwa hiyo usiweke kiasi kamili. Ongeza milioni tano, sita, zaidi ukiweza. Na katika siku hizo 28 usiiguse akaunti hiyo kwa lolote, awe mgonjwa, iwe harusi, iwe ada ya viza yenyewe. Ada ya viza, na ile ya huduma ya afya ambayo ni pauni 776 kwa mwaka, zitengeni kwenye akaunti nyingine.

Sasa nije kwenye jambo lililonifanya nikubali kusimama hapa.

Mwaka jana alikuja kwangu binti mmoja, sitamtaja, na faili limepangwa vizuri kabisa. Stetimenti safi, pesa imetulia miezi mitatu. Nikamuuliza, akaunti ya nani? Akasema, ya baba. Nikatazama jina. Nikatazama cheti chake cha kuzaliwa. Majina mawili tofauti. Nikamuuliza tena, huyu ni nani? Akanitazama kama mtu asiyeelewa swali. "Ni baba. Baba mdogo."

Alikuwa anasema kweli. Baba yake alifariki binti akiwa darasa la tatu, na huyu mdogo wa marehemu ndiye aliyemlisha, ndiye aliyemnunulia viatu vya shule. Kwa Kiswahili ni baba, na kwa Kilugbara nyumbani kwao hawamwiti vingine. Lakini fomu ya Uingereza inakubali pesa yako mwenyewe, ya mzazi, ya mlezi wa kisheria, ya mume au mke anayekwenda nawe, au ya mfadhili rasmi kama serikali. Imeishia hapo. Mjomba hayumo, shangazi hayumo, kaka aliyeko Juba anayetuma kila mwezi hayumo. Baba mdogo hayumo.

Wengi hukimbilia barua ya LC1. Mwenyekiti, utanisamehe, muhuri wako naujua uzito wake, tunautumia kufungulia akaunti na kutafutia kitambulisho. Lakini barua ya LC kwamba fulani ndiye mlezi haimfanyi mlezi wa kisheria. Hiyo ni kazi ya mahakama, na inachukua muda ambao mtu mwenye barua ya chuo mkononi hana.

Njia nyepesi ipo, na ni halali. Baba mdogo ampe mtoto pesa hiyo kweli, iingie akaunti yenye jina la mtoto, kisha ikae siku zake 28 humo. Ikishakuwa kwa jina lako ni yako. Aandike barua ya ukurasa mmoja kwamba amempa kwa ajili ya masomo, na aambatanishe karatasi inayoonyesha yeye aliipata wapi. Au afanye lililo rahisi zaidi: alipe ada moja kwa moja chuoni. Chuo kitaandika kiasi kilicholipwa kwenye hati yake ya kukubaliwa, na kile unachodaiwa kuonyesha kinapungua palepale. Kwenye malipo ya ada jina la mlipaji halina shida kubwa. Yule binti tulifanya hivyo. Alichelewa wiki tano, lakini alikwenda.

Wazazi wenye akaunti zao wenyewe, nyinyi mnahitaji vitu viwili tu juu ya stetimenti: cheti cha kuzaliwa cha mtoto kutoka NIRA, ile mamlaka ya vitambulisho na uandikishaji, na barua yako ukisema wewe ni mzazi wake na umekubali pesa itumike kwa masomo yake. Tazameni herufi za majina. "Aisha" kwenye cheti na "Aicha" kwenye pasipoti, rekebisheni sasa, msingoje Julai.

Nimeona mkono. Sema, mama.

(Mama mmoja anauliza: "Mimi pesa sina benki. Nina ng'ombe, na nina hii." Anafungua pindo la leso na kutoa daftari la Sacco.)

Nipe niwaonyeshe wenzio, kwa ruhusa yako. Tazameni. Kila ukurasa tarehe, kiasi, sahihi ya mweka hazina kwa kalamu ya bluu, na hapa amefuta akaandika upya. Mama huyu ameweka akiba miaka sita bila kuruka mwezi. Mimi ningemkopesha leo. Lakini Uingereza wanataka taasisi inayosimamiwa rasmi, inayotunza kumbukumbu kwa kompyuta, ambayo wao wanaweza kuipigia wakauliza. Daftari la mkono halitavuka. Pesa za simu nazo, hata zikiwa nyingi, msizitegemee. Zihamisheni benki mapema.

Na ng'ombe? Ng'ombe ni mali, kiwanja ni mali, hati ya ardhi ni mali nzito kuliko zote. Kwa Uingereza vyote hivyo ni sifuri mpaka viwe pesa ambayo unaweza kuitoa kesho asubuhi. Sisi utajiri wetu unalala zizini na shambani na kwa ndugu, na wao wanaona kilicholala kwenye akaunti. Kwa hiyo uza, lakini uza kwa karatasi. Hati ya mauziano, risiti ya mnada, kibali cha mifugo cha wilaya, kisha pesa ipelekwe benki kwa mkupuo mmoja unaofanana na hati. Ukiuza kwa milioni 30 ukaweka benki milioni 22 kwa sababu nane umelipia madeni njiani, ofisa atauliza. Na kama ni ardhi ambayo familia inaishi au inalima chakula, sheria yetu ya ardhi ya 1998 inataka mume au mke akubali kwanza. Msiuze kwa siri halafu kijana apande ndege huku nyumbani kunawaka moto.

Kuna kundi jingine sitalinyamazia. Kampala wapo watu wanaokodisha salio. Anakuwekea milioni 100 kwa mwezi mmoja, unamlipa riba, siku ya 29 anaichukua. Na wapo wanaokuchapia stetimenti nzima, nembo na muhuri, hata pesa isiwepo. Ile ya kuchapa sina la kujadili: benki inapigiwa simu, inasema hatumjui. Uingereza wakikukamata na hati bandia wanaweza kukufungia mlango miaka 10. Kanada ni miaka 5. Marekani udanganyifu unaweza kukufungia mlango maisha. Ile ya kukodi inaonekana ya akili zaidi, na ndiyo inayowadanganya wazazi waaminifu. Stetimenti ya miezi sita inaonyesha akaunti inaishi na laki mbili, laki tatu, mara paa, milioni 100 kutoka kwa mtu asiye na uhusiano. Hata mimi keshia wa kawaida ningeona. Na ukipita kwa bahati, unafika Manchester mwezi wa Septemba na mfuko mtupu, riba inakungoja Arua kwa mama yako.

Nchi nyingine nitapita haraka, kwa sababu kila moja inahesabu kivyake.

Ujerumani hawataki hadithi ndefu. Unafungua akaunti ya kuzuiwa, unaweka euro 11,904 kwa mwaka, na ukifika unafunguliwa 992 kila mwezi. Hapo baba mdogo anaruhusiwa kabisa, maana wanachotazama ni pesa iliyofungwa kwa jina lako. Vyuo vingi vya serikali kule havitozi ada ya masomo, ingawa jimbo la Baden-Württemberg linawatoza wageni kutoka nje ya Ulaya euro 1,500 kwa muhula. Ukizipiga hesabu hizi mbili utashangaa kwa nini wote mnang'ang'ania London.

Kanada, tangu Septemba 2025, mtu mmoja anaonyesha dola 22,895 za Kanada juu ya ada na nauli, na wanapenda stetimenti za miezi minne. Marekani hakuna idadi ya siku. Chuo kinakuandikia gharama za mwaka kwenye fomu I-20, unaonyesha unaweza kulipa mwaka wa kwanza, na mfadhili anaweza kuwa mjomba au hata rafiki. Ila pale Nsambya, kwenye ubalozi wao Kampala, utasimama mbele ya dirisha, na ofisa atakuuliza kwa mdomo: huyu anayekulipia anafanya kazi gani, ana watoto wangapi, kwa nini akulipie wewe? Nimeona kijana ana stetimenti ya mjomba ya kutisha, na hajui mjomba anauza nini. Dakika mbili, amerudishiwa pasipoti.

Viwango hivi vyote hubadilika, tena mara nyingi. Siku ya kuomba fungua tovuti ya serikali ya nchi yenyewe, usiniamini mimi wala wakala.

Turudi kwa mama, maana hakujibiwa vizuri. Kijana wako anaanza lini? Mwisho wa Septemba, chuo cha Uingereza. Sawa, mwandikie ubaoni, wewe mwenye chaki.

Ombi liingie tarehe 20 Julai. Stetimenti iishie 15 Julai. Rudi nyuma siku 28, ukihesabu na hiyo 15 yenyewe: unafika 18 Juni. Kwa hiyo pesa yote, na ile ya ziada, iwe ndani ya akaunti kufikia 17 Juni, jioni. Stetimenti hiyo itakubeba mpaka katikati ya Agosti kama kuna kilichochelewa. Pesa ya Sacco ianze kuhamia benki kwa jina lako au lake tangu mwezi ujao, na mweka hazina akupe barua ya kila anachokutolea.

Ng'ombe usiwaweke mpaka Juni. Mnajua wilaya ikitangaza karantini ya ugonjwa wa miguu na midomo, mnada unafungwa wiki na wiki, na ofisa wa viza hajui karantini ni nini. Uza Aprili. Ni wangapi?

(Mama: "Kumi na mmoja.")

Uza tisa. Wawili waache zizini, atahitaji nauli.