Undeni Vyote, Tenki Msiunde
(Mhadhara kwa mafundi wa gereji na vijana wanaojifunza ufundi, Mwanga, Kigoma)

Wazee wangu, shikamooni. Na ninyi vijana, poleni kwa kunisubiri na jua hili.

Nimeombwa nizungumzie mashine ya upepo wa matairi, yaani kompresa, inayoendeshwa na injini ya petroli, ile tunayojiundia wenyewe kwa kuokoteza vipande: injini ya pampu ya maji, kichwa cha kompresa, kile kinachoibana hewa, kutoka kwenye chuma chakavu, mkanda, puli mbili na tenki. Sababu ya kuiunda naijua. Umeme ukikatika, mwenye mashine ya umeme anafunga, na dereva aliyetoka Kasulu na tairi limelala hana muda wa kungoja urudi. Mashine mpya nayo bei yake mnaijua. Kwa hiyo sikuja kuwakataza. Nimekuja na ombi moja: undeni vyote, lakini tenki msiunde.

Mnivumilie kwa hesabu kidogo hapa ubaoni. Chukua tenki lenye kipenyo cha sentimita 40. Kitako chake, kile cha mviringo, kina eneo la karibu sentimita za mraba 1,257. Geji ikisoma psi 120, kila sentimita ya mraba inasukumwa kwa nguvu inayolingana na uzito wa kilo 8.4. Zidisha. Inakuja zaidi ya tani 10. Tani 10 zinakisukuma kitako kile kitoke, muda wote tenki limejaa, hata injini ikiwa imezimwa na wewe umelikalia unakunywa chai.

Sasa tulete pipa la mafuta, lile la lita 200. Nimeshaona pipa la namna hiyo limechomelewa nipeli ya kujazia likageuzwa tenki la upepo. Kipenyo chake ni sentimita 57 hivi. Lijaze mpaka 30 tu, upepo wa tairi la gari dogo, na mfuniko wake umeshabeba zaidi ya tani 5. Bati lile lilitengenezwa kushika mafuta yaliyotulia. Halikutengenezwa kwa kazi hiyo, na hakuna uchomeleaji hodari unaoweza kulibadilisha.

Sisi tunaita upepo, na jina hilo linatufanya tuudharau. Maji ukiyabana hayabaniki. Chombo kilichojaa maji kikipasuka, yanaruka matone machache na presha imekwisha. Hewa inajikunja kama springi, na ikipata mwanya inajikunjua yote kwa mara moja. Tenki la lita 50 lililojazwa mpaka 120 limehifadhi nguvu inayotosha kulinyanyua gari la tani moja zaidi ya mita 3 kutoka ardhini. Ndiyo maana vyombo vya presha hupimwa kwa maji. Meli yetu ya Liemba, kabla ya kuwekewa injini za dizeli miaka ya 1970, ilikuwa inakwenda kwa mvuke, na watu wa mvuke walijua siku zote kwamba chombo cha presha hakiaminiwi kwa kukitazama rangi.

Tenki basi litoke wapi? La kwanza ninalolipendekeza ni tenki la breki za lori. Limeundwa kwa ajili ya hewa, lina koki ya kutolea maji chini, na likiwa zima lina alama ya kiwandani. Ni dogo, lakini unaweza kuunga mawili au matatu kwa mabomba bila kuchomelea chochote. La pili ni tenki la kompresa ya umeme iliyoungua mota, mradi kibao chake kinasomeka: presha ya juu kabisa, na mwaka wa kutengenezwa. Kibao kikiwa hakipo, mimi silinunui hata kama ni la bure.

Najua kuna anayewaza mtungi wa gesi ya kupikia. Hoja yake ni ya haki: mtungi ule ni mgumu, umetengenezwa kwa presha kubwa kuliko yetu. Lakini hauna mahali pa kutolea maji, kwa hiyo utautoboa na kuuchomelea. Ndani kuna mabaki ya gesi ambayo cheche moja inatosha kuyalipua ukiwa umeuinamia. Na ukishauchomelea, ule ugumu uliokuvutia siyo ule tena, maana pale moto ulipopita chuma kimebadilika. Kwa sababu hiyo hiyo msichomelee chochote kwenye tenki, hata miguu, hata kibao cha kukalia injini. Injini ikae kwenye fremu yake, na mpira chini yake wa kumeza mtikisiko, kwa kuwa mtikisiko wa injini ya petroli ndio unaofungua nyufa usizoziona pale palipochomelewa.

Nilikuwa na miaka 19, najifunza kazi kwa fundi ambaye sitamtaja. Tenki letu lilikuwa zuri, la kiwandani, lina kibao. Koki ya chini ilikuwa imeziba kwa tope la kutu, tukaiacha hivyo mwaka mzima kwa sababu upepo ulikuwa unatoka vizuri. Siku moja mchana lilitoboka chini. Halikulipuka, Mungu alituhurumia, lilifumuka tundu la kidole na mawe yaliyokuwa chini yake yakatawanyika kama risasi. Mwenzangu alipata jiwe la shavu, sentimita chache kutoka kwenye jicho. Tulipolikata tukakuta chini bati limebaki jembamba kama la kopo, huku juu likiwa zima na rangi yake.

Maji hayo yanatoka wapi wakati sisi tunajaza hewa? Yanatoka ziwani. Hewa yetu ya hapa ina unyevu wa karibu gramu 20 kwa kila mita ya ujazo kipindi cha mvua. Kichwa kinachovuta lita 200 kwa dakika, kikifanya kazi saa moja mfululizo, kinaacha karibu glasi nzima ya maji ndani ya tenki. Kila siku. Yanakaa chini na kula chuma kwa ndani, na bati likiisha nusu ya unene, mzigo wa kila milimita iliyobaki unakuwa mara mbili. Koki ya chini ifunguliwe kila jioni kabla ya kufunga kazi. Mpe mtoto wa gereji jukumu hilo na umuulize kwa jina.

Mengine nitapita haraka, mengi mnayajua kuliko mimi. Injini inazunguka mara 3,600 kwa dakika, kichwa kinataka kama 900, kwa hiyo puli ya inchi 3 kwenye injini na ya inchi 12 kwenye kichwa. Mkanda ufunikwe kwa wavu, khanga na vidole vyote vinapenda mkanda. Bomba kutoka kichwani liwe la shaba, lililozungushwa kidogo ili limeze mtikisiko, kwa kuwa hewa inayotoka pale ni ya moto kiasi cha kuyeyusha mpira. Bomba la plastiki la maji msilitumie kwa upepo popote: likipasuka linakuwa vigae.

Valvu ya usalama, hapo nisimame. Inunuliwe mpya, ifunguke kabla ya presha iliyoandikwa kwenye kibao haijapitwa, na iweze kutoa hewa yote ambayo kichwa kinaingiza. Kati yake na tenki kusiwe na koki. Nimewahi kukuta imezibwa kwa boliti kwa sababu ilikuwa inapiga kelele. Ikipiga kelele inafanya kazi yake. Kila wiki ivute pete usikie inapumua. Na kwa kuwa injini ya petroli haijizimi kama mota ya umeme, tafuteni ile valvu ya kupumulia inayoachia hewa tenki likijaa na kuvuta waya wa mafuta injini ishuke mngurumo. Kumtegemea kijana aitazame geji ni kumtegemea asipigiwe simu.

Petroli isiongezwe injini ikiwa ya moto, na mashine isiwashwe ndani ya chumba. Moshi wake una kaboni monoksidi, haina rangi wala harufu, ndiyo ile ile inayoua waliolala na jiko la mkaa ndani.

Hapa nina neno kwa vijana wa ziwani. Wawili walinifuata Kibirizi wakitaka niwaundie mashine hii wavute hewa kwa mpira, wazamie samaki wale wa rangi. Nilikataa, na naomba kila fundi humu akatae. Mdomo wa kuvutia hewa uko hatua chache kutoka kwenye bomba la moshi, upepo ukigeuka moshi wote unaingia. Oili ya kichwa nayo inaingia kama ukungu. Na ukishuka mita 10 presha ni mara mbili ya ya juu, hivyo sumu ile ile inakupiga mara mbili. Kiasi ambacho huku juu kingekuuma kichwa tu, kule chini kinakulaza usingizi, mpira unakutoka mdomoni, na aliye kwenye mtumbwi haoni kitu. Mashine hii ni ya matairi na rangi. Isiingie kwenye mapafu ya mtu, na wala msimpulizie mwenzenu mwilini kwa utani. Upepo ukiingia tumboni unapasua utumbo.

Sasa tutoke nje. Chini ya mwembe kuna tenki la lori ambalo mmoja wenu amelinunua jana. Tumeshalijaza maji mpaka juu, hewa yote imetoka. Lina kibao cha 120, tutalisukuma kwa pampu ya mkono mpaka 180 na tuliache dakika 10 tukiitazama geji. Simameni ubavuni, msisimame mbele ya vitako vyake. Likivuja tutajua, na mwenyewe ameshakubali kulirudisha.